Taifodi ya Debora

Mke wangu aliacha kucheka siku kipimo kilipoonyesha ana mimba. Kabla ya hapo, miaka yote ya kutafuta, alikuwa anacheka. Alicheka hata Dar es Salaam, kwenye ile kliniki ya kupandikiza mimba, alipojichoma sindano ya tumbo mbele ya nesi na kusema kuku wa kisasa wanachanjwa mara chache kuliko yeye. Lakini mistari miwili ilipotokea alikaa kwenye stuli, akaiangalia, akasema, "Haya. Sasa kazi imeanza."

Watu wanadhani shida ya kukosa mtoto inaisha mimba ikiingia. Sisi mimba ilipoingia ndipo tulipoacha kulala.

Ile kliniki ilitupatia mayai mawili yaliyorutubishwa. La kwanza lilishika, tukashukuru, tukaenda Kilosa kwenye harusi ya binamu yake Monica, tukarudi nyumbani Mikumi kwa ile barabara yenye mashimo inayopita kijiji cha Ulaya, na kesho yake likatoka. Daktari alituambia haikuwa barabara. Alisema mimba nyingi zinazotoka mapema zina kasoro tangu mwanzo, hata mtu angelala kitandani mwezi mzima. Tuliitikia wote wawili. Tulipofika nje Debora akasema, "Ilikuwa barabara."

Hili la pili lilikuwa la mwisho. Lilikaa kwenye jokofu la kliniki likitusubiri, likapandikizwa, likashika. Sasa lilikuwa linakaribia umri ule ule ambao mwenzake alitoka.

Debora ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Aliacha kukanyaga cherehani. Alitembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni. Kila alipotoka chooni niliangalia uso wake, na yeye alijua naangalia, akawa anatikisa kichwa kabla sijauliza. Hakuna damu. Baada ya muda mfupi anarudi tena chooni, hana haja yoyote, anakwenda kuhakikisha. Mimi nina kibanda cha kuziba pancha pale barabara kuu, malori ya Zambia yananipita usiku na mchana. Nikiwa chini ya lori nilikuwa nasikia simu inalia hata kama hailii. Siku moja nilifunga gurudumu nikasahau nati mbili, dereva akanitukana mpaka ukoo. Alikuwa na haki.

Na hatukumwambia mtu. Kwetu mimba changa haitajwi. Tumbo litajitangaza lenyewe likifika wakati wake. Ukilitangaza wewe, umeliweka midomoni mwa watu. Ile ya kwanza hatukuitaja, kwa hiyo hata ilipotoka hatukuwa na cha kusema. Debora alilia ndani huku redio imewashwa, na jirani alipoita kuomba chumvi alifuta uso akampa.

Hali ikiwa hivyo, mjomba Kornelio akafa.

Alikuwa Kilosa, shambani kwake, presha ikampanda, wakamkuta ameketi chini jembe likiwa pembeni. Timotheo, mdogo wake Debora, ndiye aliyepiga simu. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Huyu hakuwa na kauli tu. Baba yake Debora alipoondoka kwenda kusikojulikana, Kornelio alimchukua dada yake na watoto wote akawaweka nyumbani kwake. Debora alisomeshwa naye. Hata posa yangu aliipokea yeye.

Debora alikata simu akaanza kukunja nguo kwenye mfuko. Alikunja vitenge viwili, akavitoa, akavikunja tena.

"Naenda," alisema.

"Sawa."

"Usiseme sawa. Sema siendi."

"Basi huendi."

"Wewe ni nani wa kunikataza kumzika mjomba wangu?"

Alikaa kitandani, mfuko mapajani.

"Nikienda likatoka, nitamchukia marehemu," alisema. "Nitamchukia, Yared. Mtu aliyenilea. Na nisipoenda, wao watanichukia mimi. Bora wao."

Tulimpigia nesi wa kliniki. Alisema safari haina shida ila kama mama ana hofu sana abaki nyumbani. Nesi naye, badala ya kukata shauri, alitutupia mpira.

Ikabaki kutafuta sababu. Mpwa asiyekuja kumzika mjomba wake, watu hawamuulizi sababu. Wanaitunga.

"Nitasema una malaria," nilimwambia.

"Malaria? Watu wanapanda mlima na malaria. Watasema ningemeza dawa nikaja."

"Taifodi basi."

"Taifodi," alirudia. Akafikiri. "Taifodi inafaa. Inalaza mtu."

Tukaona tumepata dawa. Hatukufikiri zaidi ya hapo. Nadhani tulikuwa tumechoka mno, maana hata mtoto wa kwetu angeona kosa lilipo. Mimba haitajwi, sawa. Lakini mgonjwa anatembelewa.

Nilitoka alfajiri na pikipiki. Nilifika Kilosa nimejaa matope, nikawakuta wanawake wamekaa kwenye mikeka na wanaume kwenye magogo. Nikamwamkia mama mkwe wangu, Katarina. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mama. Poleni sana."

"Marahaba, baba. Mwenzio yuko wapi?"

"Anaumwa, Mama. Taifodi."

Aliniangalia kwa muda. Aliyesema ni mdogo wake, mama mdogo Filomena, ambaye hajawahi kuacha neno limpite.

"Taifodi imempata kabla ya kusikia msiba au baada?"

"Kabla, mama mdogo."

"Mbona wiki iliyopita niliongea naye kwenye simu ananiuliza mapishi ya mlenda?"

"Ndiyo ilikuwa inaanza."

"Taifodi inayoanza na hamu ya mlenda!" aliwaambia wenzake, na wanawake wawili wakacheka wakakumbuka wako msibani.

Nilikwenda kwa wanaume waliokuwa wanachimba kaburi nikachukua sepetu. Kazi ya mikono ni afadhali kuliko maswali. Udongo wa pale ni laini juu, chini una mawe, na tulikuwa tunapokezana. Ilipofika zamu yangu nikaingia, nikachimba, nikipumzika kidogo naangalia simu.

"Yared," Timotheo aliniita kutoka juu, "hata kaburini una mtandao? Huyo anayekutafuta ana mapenzi kweli."

"Muache," mwingine akasema. "Mke mgonjwa, lazima mtu atafute wa kumpikia uji."

Wakacheka. Huo ni utani wa shemeji, haunisumbui. Kilichonisumbua ni mzee Valentino, jirani wa marehemu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti akisimamia uchimbaji. Hakucheka. Alisema taratibu, kama anaongea na fimbo yake, "Nimeona misiba mingi. Mtu wa damu anayekwepa kaburi, mara nyingi anajua kilichomwingiza mwenzake humo."

Kila mtu alielewa. Timotheo alijifanya anatafuta jembe. Mimi nilishika sepetu nikafikiria kumjibu yule mzee jibu ambalo ningefukuzwa nalo ukweni, na wakati nafikiria, simu ikatetemeka.

Debora alikuwa ameandika maneno mawili. *Nimeona doa.*

Nilikuwa nimezama mpaka kifuani. Nikaweka sepetu pembeni, nikashika ukingo, nikapanda. Kaburi lilikuwa bado.

"Unakwenda wapi?" Timotheo aliuliza.

"Debora amezidiwa."

"Shemeji, mwili unatoka kanisani sasa hivi! Subiri tuzike!"

Sikusubiri. Nilipita mbele ya mikeka, matope mpaka kiunoni, wanawake wote wakiniangalia. Mama mkwe alinyanyuka nusu, akakaa tena. Asingeweza kumwacha kaka yake juu ya ardhi. Nikawasha pikipiki. Nyuma yangu nilisikia sauti ya Filomena lakini sikusikia maneno, na nashukuru.

Njiani mvua ilininyeshea tangu kijiji cha Zombo. Nilikuwa naomba, na kuomba kwenyewe hakukuwa na heshima. Nilikuwa namwambia Mungu kama unataka kuchukua, ungechukua mwanzoni, kabla hatujaona ule moyo mdogo kwenye picha. Kwa nini unasubiri mtu azoee?

Nilimkuta Debora amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu.

"Kubwa?" nikauliza.

"Dogo. La kahawia. Lingine baadaye, dogo vilevile."

"Tumbo?"

"Linavuta kidogo. Au nadhani linavuta. Sijui tena lipi la kweli na lipi la kichwani mwangu."

"Umempigia nesi?"

"Amesema niendelee na vidonge, twende hapa hospitali wapige ultrasaundi."

"Basi twende. Viatu umevaa."

"Nilivaa ili niende. Halafu sikuenda." Alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na hilo lilinitisha kuliko machozi. "Leo bado nina mimba, Yared. Nikienda kule, wanaweza kuniambia sina. Niache niwe nayo leo."

Ningeweza kumlazimisha. Mwanaume mwingine angesema twende, akambeba. Mimi nilikaa chini sakafuni nikaanza kuvua mabuti. Nilikuwa nimechoka hivi kwamba kamba za mabuti zilinishinda, akainama akanifungulia. Nikamwambia usiiname. Akasema nyamaza. Ndivyo tulivyomaliza ile siku.

Asubuhi nilikuwa bado sijachemsha chai niliposikia gari uani. Ilikuwa Noah, Timotheo kwenye usukani. Ukashuka mguu wa Filomena, halafu Filomena mwenyewe na jogoo kwapani, halafu mama mkwe na kifurushi cha unga wa ulezi, halafu Timotheo. Walikuwa wamezika jana yake mchana, usiku wakakaa matangani, alfajiri wakapanda gari kuja kumwona mgonjwa.

"Hodi!" Filomena alisema tayari akiwa ndani ya ua. "Yuko wapi mwenye taifodi?"

Nilisimama mlangoni. Sikuwa na mpango wowote. "Shikamooni. Amelala."

"Marahaba. Tutamwangalia akilala. Sogea, baba."

"Mama mdogo, daktari amesema asisumbuliwe."

"Daktari gani? Ana jina?"

"Shemeji," Timotheo alisema, na sauti yake haikuwa ya utani, "jana ulituachia kaburi nusu. Mzee Valentino anaongea maneno mpaka sasa. Anasema mmemfanya kitu mjomba. Mimi nimemtetea dada yangu hadi koo limekauka, na sijui ninatetea nini. Mwambie atoke."

Mama mkwe aliweka unga chini. "Yared," alisema, "nimemzika kaka yangu jana. Sina nguvu za kudanganywa leo."

Debora alitokea nyuma yangu. Alikuwa amejifunga kitenge, viatu vile vile vya jana. Alinisogeza kwa mkono.

"Sina taifodi," alisema. "Nina mimba. Tumeipandikiza Dar es Salaam, kwa sindano. Ni ya pili. Ya kwanza ilitoka baada ya harusi ya Monica, na hamkujua. Hii jana imeanza kutoa damu."

Jogoo akasikika akihangaika kwapani mwa Filomena.

"Debora," Filomena alisema kwa sauti ya chini, "vitu hivyo havisemwi. Uani kabisa, watu wanapita."

"Najua havisemwi. Ile ya kwanza sikuisema. Ilitoka hata hivyo. Tofauti ni kwamba nilikaa peke yangu nayo, nikatoka nikagawa chumvi. Kama na hii inatoka, itatoka nikiwa na mama yangu. Sifanyi tena ile."

Mama mkwe alimfuata. Nilidhani atamkumbatia, lakini alimshika kifundo cha mkono kama mtu anayeshika mtoto wakivuka barabara.

"Mna kipimo hapa Mikumi cha kuangalia?" aliniuliza mimi.

"Kipo, Mama. Amekataa kwenda."

"Amekataa kwenda na wewe," alisema. "Timotheo, washa gari."

Filomena alimrusha jogoo chini uani, akapanda.

Pale hospitali tuliingia chumbani wengi kuliko inavyoruhusiwa. Daktari, kijana mwembamba, alitaka kutupunguza; akamwona Filomena, akaghairi. Alipaka mafuta tumboni, akaweka kile kifaa, akakizungusha. Akakizungusha tena. Skrini aliigeuzia kwake. Nimewahi kuwa chini ya lori lililoteleza kwenye jeki. Ile ilikuwa afadhali, kwa sababu iliisha haraka.

Debora alikuwa amefumba macho. "Nisemeshe," alimwambia daktari. "Hata kama ni baya."

"Subiri, mama. Huyu mtoto kajificha." Akabonyeza, akageuza skrini. "Huyo hapo. Moyo unapiga. Ona."

Kulikuwa na kitu kidogo kama punje, na katikati ya punje kitu kinachotetemeka haraka, haraka, haraka. Debora hakufumbua macho. Ilibidi mama yake amwambie, "Fumbua. Yupo."

Akafumbua. Akatazama, kisha akageuza uso ukutani na kulia kwa sauti, kilio kilekile cha msibani, na sikujua anamlilia mtoto au anamlilia mjomba. Nadhani hakujua pia. Mama mkwe naye akaanza. Filomena aliniangalia mimi akasema, "Na wewe unasubiri nini?" lakini mimi sikuweza.

Daktari alieleza. Pembeni ya mtoto kuna damu kidogo imejikusanya, ndiyo inayotoka. Mara nyingi inaisha yenyewe na mimba inaendelea. Mara nyingine haiendelei. Aendelee na vidonge, asinyanyue vizito, arudi baada ya wiki mbili, au mapema damu ikiwa nyingi na nyekundu.

"Kwa hiyo kesho atakuwa salama?" mama mkwe aliuliza.

"Kesho siwezi kujua, mama. Leo yuko salama."

Aliwaza. "Afadhali husemi uongo," alisema, na akanitupia jicho mimi mkwewe.

Tuliporudi nyumbani waligawana kazi bila kuniuliza. Katarina atabaki. Filomena atabaki mpaka atakapochoka, na hajawahi kuchoka. Timotheo alikuwa anarudi kwenye matanga, na mimi nilipaswa kwenda naye, kwa sababu niliacha kaburi na ni lazima uso wangu uonekane pale.

"Niwaambie nini?" nilimuuliza Debora. Alikuwa amelala ubavu, mama yake miguuni.

"Ukweli."

"Wote?"

Alijua ninachouliza. Tulipopimwa, mimi ndiye niliyekutwa na kasoro. Mbegu zangu ni chache, na hizo chache zina uvivu. Nilitaka kusema tangu siku ya kwanza, yeye akakataa, akasema ndugu zake watamwambia aniache na yeye hataki kuambiwa. Akakubali waseme tasa ni yeye. Aliyabeba hayo maneno kila sikukuu.

"Wote," alisema. "Nimechoka kubeba vitu, Yared. Nina kimoja sasa hivi na kinanitosha."

Tulifika Kilosa jua likiwa linaelekea milimani. Wanaume walikuwa kwenye magogo yale yale. Niliamkia. Mzee Valentino aliitikia bila kuniangalia.

"Mgonjwa hajambo?" aliuliza. Jinsi alivyolitamka lile neno, wote waligeuka.

"Si mgonjwa," nikasema. "Ana mimba changa, inatishia kutoka. Ndiyo maana hakuja, na ndiyo maana nilitoka kaburini. Tumehangaika miaka hii yote kwa sababu yangu. Mbegu zangu ni mbovu. Debora hana kasoro yoyote, hakuwahi kuwa nayo. Mwenye swali aniulize mimi."

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine aliokota kijiti akaanza kukivunja vipande. Sikuona haya. Nilidhani nitaona, nilijiandaa njia nzima, lakini nafasi ya haya ilikuwa imejaa uchovu.

"Moyo unapiga?" mzee Valentino aliuliza mwishoni.

"Leo asubuhi ulikuwa unapiga."

Alichora mstari kwenye vumbi kwa fimbo. "Mimi nilisema maneno jana."

"Ulisema, mzee."

"Marehemu angenipiga." Hakuomba radhi zaidi ya hapo, na sikuhitaji. Akamgeukia Timotheo. "Huyu mtu amelala lini?"

"Sijui, mzee. Njiani alikuwa anaongea peke yake."

"Mtandikieni mkeka. Hapo ukutani, kwenye kivuli."

Nikasema sitalala, nasubiri habari kutoka Mikumi. Wakasema sawa, subiri ukiwa umejinyoosha. Nikajinyoosha. Wakaendelea na mazungumzo yao juu ya nguruwe pori walioingia mahindi ya mtu, mmoja akisema wategewe, mwingine akisema wapigiwe madebe, na sikusikia walikubaliana nini.